Njaa ya Mhudumu wa Baa ni Deni la Nani?

Mwezi wa Machi 2020 ndege za watalii zilikoma kutua Unguja. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alikuwa ametangazwa Arusha tarehe 16 ya mwezi huo, wa Zanzibar akafuatia baada ya siku chache, skuli zikafungwa, mikusanyiko ya burudani ikapigwa marufuku, na mahoteli ya Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani yakabaki matupu. Mwaka 2019 Zanzibar ilikuwa imepokea watalii zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 walifika kama 260,000, pungufu ya nusu. Ndani ya hesabu hiyo wamo watu ambao huruma ya mji huwafikia mwisho, kama inawafikia: wahudumu wa baa, wapiga muziki na ma-DJ wa sherehe za mwezi mpevu, wacheza ngoma wa mahotelini, walinzi wa Kimasai, wasusi na wakandaji wa ufukweni, mapapasi (vijana wanaowaongoza watalii), na wanawake ambao kazi yao ya usiku haitajwi barazani. Wengi wametoka bara, wengine Kenya. Suali ninalolileta hapa ni la dini na ni la akili pia: mtu aliyekuwa akimimina pombe kwa ujira, asiyezaliwa kisiwani, na huenda si Mwislamu, anapofungiwa kazi akalala na njaa, ana haki gani juu ya jamii ya Kiislamu anayoishi ndani yake?

Jawabu linalosikika zaidi ni la upole, lakini linamwacha na njaa yake. Husemwa kwamba kumsaidia ni jambo jema kwa mwenye nafasi, ila si wajibu, kwa sababu kazi yake ni ya haramu na kwao si hapa. Mimi nashikilia kinyume chake. Nasema mtu huyo ana haki, na anayempa hamfanyii hisani. Haki hiyo ina mizizi miwili. Wa kwanza ni haja yake, ambayo Uislamu umeifanya kuwa hoja inayojitosheleza bila ya cheti cha tabia njema. Wa pili ni kwamba kisiwa kizima kilikula kutokana na kazi ileile kinayoilaumu, na aliyekula faida hawezi kuikimbia hasara. Mzizi wa kwanza unatosha kumfanya mhudumu yule maskini kama maskini wengine. Wa pili unamwongezea jambo jingine: unamfanya mdai.

Kwanza tuielewe hali yenyewe. Kazi ya utalii Unguja huenda kwa misimu. Kuanzia Juni hadi Septemba, na tena kuanzia Disemba hadi Februari, mahoteli hujaa. Mvua za masika za Aprili na Mei zikija, mengi hupunguza watu au hufunga, na wafanyakazi hupewa likizo isiyo na malipo. Mhudumu huijua hesabu hii, hivyo hujiwekea akiba ya miezi miwili, hukopa dukani, kisha hulipa msimu ukirudi. Mshahara wake ni mdogo na bakshishi ndiyo inayomjazia kibaba. Wengi hawana mkataba wa maandishi, basi siku ya kuachishwa kazi huwa hakuna karatasi ya kupeleka popote. Mwaka 2020 kufungwa kulikuja mwishoni mwa msimu, wakati akiba ilikuwa imekusudiwa masika tu, na hakuna aliyejua msimu utarudi lini. Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwishoni mwa Aprili, katikati ya ukame huo wa kipato. Milango ya utalii ilifunguliwa tena Juni, lakini wageni walirudi mmoja mmoja, na kodi ya chumba haikungoja. Aliyekuwa akituma pesa kwao Tanga au Mwanza ndiye sasa aliyetakiwa kutumiwa, na kule kwao nako biashara zilikuwa zimelegea. Tunamzungumzia mtu ambaye tegemeo lake limekatika kotekote kwa wakati mmoja.

Sasa tuangalie haja kama mzizi wa haki. Sura ya Tawba, katika aya ya 60, imewataja wanaostahiki zaka katika mafungu manane, na fungu la kwanza na la pili ni mafakiri na masikini. Wanazuoni wamebishana karne kwa karne juu ya nani fakiri na nani maskini, nani amezidiwa zaidi na mwenzake, lakini mjadala wao wote ni wa kupima upungufu: anahitaji kiasi gani na anacho kiasi gani. Uchamungu haukuwekwa kuwa kipimo cha mafungu hayo. Sura ya Insan inawasifu waja wema kwa kumlisha maskini, yatima na mateka, na mateka wa zama zile alikuwa mtu aliyekuja na upanga kuwapiga Waislamu. Na katika Sura ya Baqara, aya ya 126, Nabii Ibrahim anauombea riziki mji wa Makka, akiwataja watu wake wenye kumuamini Mungu na Siku ya Mwisho. Jawabu analopewa linaupanua ule uombaji wake: hata asiyeamini atastareheshwa muda mchache hapa duniani, na hesabu yake itakuja baadaye. Ibrahim, baba wa Mitume, aliomba riziki kwa masharti ya imani, na sharti hilo likaondolewa na Mwenye riziki. Ikiwa Mwenyezi Mungu hakukubali kuifunga riziki ya dunia kwa imani, sisi tunaifungaje sahani ya wali kwa kazi ya mtu?

Upo ushahidi mwingine, na huu ndio ninaouona mzito kuliko wote. Mistah bin Uthatha alikuwa maskini, miongoni mwa waliohama Makka kwenda Madina, na Abubakar Siddiq, jamaa yake, ndiye aliyekuwa akimlisha. Lilipozuka sakata la kumsingizia Bibi Aisha, Mistah alikuwa mmoja wa walioueneza uzushi. Dhambi yake haikuwa ya sirini wala ndogo: ilikuwa ya hadharani, dhidi ya mke wa Mtume, na aliyeumizwa ni binti wa mtu yuleyule aliyekuwa akimpa chakula. Abubakar akaapa kwamba hatampa tena kitu. Kama kuna mtu katika historia aliyekuwa na sababu ya kumkatia mkosaji msaada, ni yeye. Hapo ikashuka aya ya 22 ya Sura ya Nur, ikiwakataza wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa, masikini na waliohama, na ikiwataka wasamehe kama wanavyopenda kusamehewa. Abubakar akarejesha msaada na akaapa kutoukata tena. Tazama mambo yaliyokutana kwa mtu mmoja: umaskini, uhamiaji na dhambi inayojulikana na kila mtu. Aya haikusema apewe akishatubu. Ilimtaja kwa zile sifa zinazompa haki na ikaliacha kosa lake upande wa pili, kwenye mlango wa hukumu na msamaha. Mhudumu wa baa wa Kendwa hajamsingizia mtu yeyote. Kosa lake, kwa wanaoliita kosa, ni kubeba sinia.

Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira inalimalizia jambo hili. Mtu mmoja alitoka usiku na sadaka yake, na bila ya kujua ikaangukia mikononi mwa mwizi, usiku mwingine kwa mwanamke mzinifu, na mwingine kwa tajiri. Watu wa mji wakawa wanazungumza kwa mshangao. Yeye akaambiwa kwamba huenda mwizi kwa sadaka ile akaacha wizi, mzinifu akaacha zinaa, na tajiri akazingatia naye akatoa. Wapo wanaosema hadithi hii ni ya aliyetoa kwa kukosea, hivyo haimhusu anayetoa kwa makusudi. Ni kweli kwamba yule mtu hakujua. Lakini sababu aliyopewa haitegemei kutojua kwake. Aliambiwa kwamba sadaka yenyewe inaweza kuwa mlango wa mtu kutokea kwenye kazi yake mbaya, na mlango huo hufunguka sawasawa kwa aliyetoa akijua na aliyetoa asijue. Hata Aristotle, aliyeishi karne nyingi kabla ya mimbari zetu na hakuijua Kurani, anasimuliwa kwamba alipolaumiwa kwa kumsaidia mtu mbaya, alijitetea kuwa amemsaidia mtu wala hakuzisaidia tabia zake. Akili na wahyi zimekutana hapa bila ya kuagana.

Niingie mzizi wa pili. Wanafikihi wana kanuni isemayo kwamba hasara huandamana na faida: anayechuma manufaa ya kitu ndiye anayebeba na mzigo wake. Kanuni hii hutumika katika ushirika, katika rehani na katika dhamana, nayo imeingizwa katika Majalla, ile sheria ya madai ya dola ya Kiothmani. Tuipime kwa Unguja. Kwa miaka mingi utalii umekuwa ukitajwa kuleta zaidi ya robo ya pato la Zanzibar na kama asilimia 80 ya fedha zake za kigeni. Baa zina leseni, na leseni hiyo hulipiwa. Hoteli hulipa kodi, na kodi huingia katika mfuko uleule unaolipa mshahara wa mwalimu wa skuli, dawa za hospitali ya Mnazi Mmoja na lami ya barabara tunayopita kwenda msikitini. Mvuvi wa Nungwi aliyauzia mahoteli kamba na pweza, mwenye nyumba wa Paje alipokea kodi ya chumba, dereva wa daladala alipokea nauli, mwenye duka wa Darajani aliuza kanga na viungo. Pesa ilipokuwa inaingia, hatukuisafisha wala kuihoji. Iligawanyika ikatufikia sote. Haiwezekani lawama ya pesa hiyo imwangukie mtu mmoja, aliyepata sehemu ndogo kuliko wote, huku faida yake imegawanywa kwa kisiwa kizima. Ama pesa ile ina doa, na doa hilo tumelipaka sote, ama haina, na hapo hakuna hoja ya kumnyima.

Khalifa Umar bin Khattab ametutangulia katika hukumu hii. Abu Yusuf, kadhi mkuu wa zama za Harun Rashid, amesimulia katika kitabu chake cha kodi kwamba Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba mlangoni. Alipomuuliza kilichomfikisha hapo, mzee akataja jizia (kodi ya wasio Waislamu), uzee na haja. Umar akampeleka kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza hazina amwangalie yeye na mfano wake, kwa hoja kwamba si uadilifu kula kodi ya ujana wake halafu kumtupa uzeeni. Umar hakuifanya dini ya mzee yule kuwa kizuizi, wala hakumuuliza biashara aliyokuwa akiifanya alipokuwa na nguvu. Alitazama dola imechukua nini kwake, na sasa yeye anaidai nini. Kwa wahudumu wetu suali ni hilohilo, tena kwao halikungoja uzee. Nguvu zao zililiwa msimu wa jua, na walipofungiwa walikuwa bado vijana, wakitafuta nauli ya boti.

Zaidi ya hayo, kufungwa kwenyewe kulikuwa amri ya maslahi ya wote. Ndege za watalii zilizuiwa na burudani zikasimamishwa ili ugonjwa usienee kwa kila mtu, mcha Mungu na mlevi. Amri kama hiyo ni halali na huenda ilikuwa lazima, siibishii. Lakini amri inayowalinda wote kwa gharama ya wachache huacha deni. Mtumishi wa serikali alilindwa na mshahara wake ukaendelea. Mhudumu alilindwa na mshahara wake ukakatika. Kinga waliipata wote wawili, bei akailipa mmoja. Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Nchini Thailand, ambako baa za Pattaya, Phuket na Bangkok zilifungwa Machi mwaka huohuo, serikali iliwapa wafanyakazi wasio na ajira rasmi baht 5,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu, lakini kwa raia tu. Wahamiaji kutoka Myanmar waliojenga majumba na kumenya kamba wa nchi ile hawakuwamo. Disemba 2020 ugonjwa ulipolipuka katika soko la kamba la Samut Sakhon, wahamiaji haohao ndio waliozungushiwa waya wa miba na kulaumiwa. Hata hivyo, katika nchi hiyohiyo ya Wabudha, watu wa kawaida waliweka makabati ya chakula kando ya barabara kuanzia Mei: mwenye nacho anatia, asiye nacho anachukua, wala hakuna anayesimama hapo kuuliza. Dola ilichagua kwa uraia, na watu wakatoa kwa njaa. Naona njia ya wale watu wa kabati ndiyo iliyo karibu zaidi na Sura ya Insan.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, kwa sababu si za kupuuzwa. Ya kwanza ni ya kifikihi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Zanzibar, msafiri aliyekatikiwa njiani hapewi fungu lake la zaka ikiwa safari yake ilikuwa ya maasia, na mdeni aliyekopa kwa ajili ya maasia hapewi mpaka atubu. Ibn Taymiyya naye aliona zaka isipewe mtu asiyesali mpaka arejee. Basi, husemwa, aliyevuka bahari kuja kuuza pombe hana fungu. Najibu kwamba sharti la safari limewekwa juu ya fungu la msafiri, na la deni juu ya fungu la mdeni. Fungu la fakiri na la maskini limebaki wazi, na mtu huingia humo kwa kukosa tu. Zaidi ya hapo, safari ambayo mhudumu aliyeachishwa kazi anaihitaji ni ya kurudi kwao, na katika kurudi nyumbani kwa mama yake sijui maasia yako wapi. Ama khofu kwamba pesa itatumiwa vibaya, khofu hiyo ina dawa yake katika namna ya kutoa, na haihalalishi kunyima. Mpe mchele, unga na mafuta, mlipie mwenye nyumba, mkatie tiketi ya boti. Ibn Taymiyya mwenyewe alikuwa akizungumzia zaka, na zaka ni chumba kimoja tu katika nyumba ya utoaji. Sadaka, wakfu na hazina ya umma zina milango mipana zaidi.

Upana huo unahitajika hasa kwa wale wasio Waislamu. Wanazuoni walio wengi wanaona zaka ya mali haipewi asiye Mwislamu kwa fungu la ufakiri, na sina haja ya kuuvunja msimamo huo ili hoja yangu isimame. Sadaka ya kawaida haikufungwa hivyo. Wapo Waislamu wa mwanzo waliosita kuwapa jamaa zao wasioamini, wakitaraji kwamba ukata utawasogeza kwenye imani, na wapo wafasiri wanaosema hiyo ndiyo sababu ya kushuka aya ya 272 ya Sura ya Baqara, inayosema kuwaongoza si jukumu la mtoaji na kwamba kheri anayoitoa ni kwa nafsi yake. Mafunzo yake ni makubwa kwetu. Kuitumia njaa kama kamba ya kumvutia mtu kwenye uchaji kulifikiriwa na watu bora kuliko sisi, kwa nia safi, na kukakataliwa.

Hoja ya pili ni ya ugeni: wabara wana kwao, na jirani wa karibu ana haki kabla ya wa mbali. Kanuni hii ni sahihi, ila imeelekezwa kusiko. Madhehebu ya Shafi husisitiza zaka igawiwe pale mali ilipo, kwa masikini waliopo mahali pale. Kipimo ni kuwapo, si kuzaliwa. Aliyepanga chumba Jambiani miaka minne ni maskini wa Jambiani. Na Mji Mkongwe hauna ulimi wa kumwambia mtu kwamba si wa hapa. Umejengwa na Wamanga waliokuja na upepo wa kaskazi, Wahadhrami waliouza kahawa na maji, Wahindi, Wangazija, wapagazi wa Kinyamwezi, na watumwa walioletwa kwa nguvu kutoka bara, ambao wajukuu wao leo ni Waunguja kamili. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahudumu hawa walipewa jembe zamani na wakalima. Aliyelima shamba la nyumba ameshakuwa mtu wa nyumba, na mvua ikikosekana hufa njaa pamoja na wenyeji au hushibishwa pamoja nao.

Na kwamba kisiwa kinaweza, tumeshuhudia. Vita vilipoanza Ukraine mwishoni mwa Februari 2022, watalii karibu elfu moja wa nchi hiyo walikwama Unguja, fedha zao zikiwaishia na njia ya kurudi imefungwa. Serikali ilizungumza na wenye mahoteli ili wapate malazi na chakula mpaka wapate usafiri. Lilikuwa jambo la utu, na linastahiki sifa. Hakuna aliyeuliza dini yao, walivaa nini ufukweni au walikunywa nini usiku uliopita. Walikuwa wageni waliokatikiwa njiani, na hilo likatosha. Ikiwa mgeni aliyehudumiwa anastahiki hifadhi anapokwama, aliyemhudumia hawezi kustahiki pungufu ya hapo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo nzito zaidi kwangu. Wapo masikini wenyeji: wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani kwa malipo madogo kwa kilo, wavuvi wasio na mashine, wajane wa Makunduchi. Mali ni chache. Kila sahani inayokwenda kwa mhudumu wa baa haiendi kwa mama wa mwani. Nakubali kwamba panapokuwa na uchache lazima kuwe na kutangulizana. Ninachokikataa ni kutangulizana kwa asili ya mtu na kwa kazi yake. Atangulie aliye na njaa zaidi, mwenye watoto, mgonjwa, asiye na paa. Kwa kipimo hicho mara nyingi mama wa mwani atatangulia, na ni haki yake. Lakini zipo siku ambapo mgeni aliyefungiwa chumba na mwenye nyumba, asiye na shangazi wala mjomba wa kumpa kiporo, ndiye atakayekuwa mkata kuliko wote. Wala tusiwagombanishe watu hawa wawili kama maadui. Mvuvi aliyewauzia samaki mahoteli aliumia siku ileile mhudumu alipoumia, na msaada unaomwezesha mhudumu kulipa deni la dukani huishia mfukoni mwa mwenye duka, ambaye ni mwenyeji.

Imebaki hoja ambayo husemwa kwa sauti ya chini na hudhuru kuliko zote: kwamba maradhi yale yalikuwa adhabu kwa fukwe zilizovuliwa heshima, na anayeteseka nayo anavuna alichopanda. Mwaka wa 18 wa Hijra tauni ya Amwas iliipiga Sham, na katika iliowachukua ni Abu Ubaida bin Jarrah, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, na Muadh bin Jabal, aliyesifiwa kwa ujuzi wa halali na haramu. Nani atasema walivuna walichopanda? Hapa kwetu, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais, alifariki tarehe 17 Februari 2021, baada ya chama chake kutangaza kwamba ana Korona, na kisiwa kikamlilia bila ya kuyasoma maradhi yake kama hukumu. Mtihani wa maradhi humfika mwema na mwovu. Anayeugeuza kuwa adhabu anapougua mwengine, na kuwa mtihani anapougua wake, amejipa kazi ya Mungu na ameifanya kwa upendeleo.

Kutokana na haya yote, ipo kazi ya kufanya, na haihitaji kungoja maradhi mengine. Zanzibar imeshakubali kanuni ya kutoa kwa haki pasipo kuuliza sifa: tangu Aprili 2016 serikali humlipa pensheni kila mzee mkaazi aliyefikisha miaka 70, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hakuna anayechunguza mzee huyo alikula nini au alikunywa nini katika ujana wake. Kanuni hiyohiyo iwafikie wafanyakazi wa msimu. Sehemu ndogo ya mapato ya utalii iwekwe kando miezi ya neema, iwe akiba ya anayeachishwa kazi wakati wa masika, wakati wa maradhi au wakati wa vita vya mbali, na ukaazi wake uthibitishwe kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, wa anapoishi, pasipo kuuliza alikozaliwa. Mwenye hoteli amwandikie kila mfanyakazi mkataba, awe mpishi au mlinzi. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, pamoja na kamati za misikiti, zitenge wazi fungu la zaka kwa Waislamu waliokatikiwa kazi, bila ya kuwahoji walikuwa wakifanya kazi wapi, na fungu la sadaka kwa wengine wote. Mwenye kutaka kuwatoa watu kwenye baa asifikirie kuwatoa kwa njaa. Njaa humsukuma mtu chini zaidi, na mwanamke aliyekuwa akibeba sinia anaweza kulazimika kubeba jambo zito kuliko sinia. Awape ufundi, mtaji na kazi nyengine, kisha ndipo awape nasaha. Watakuwa na nafasi ya kuisikiliza.

Utalii umerudi. Mwaka 2022 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 548,000, zaidi ya kabla ya maradhi, na waliokuwa wakitafuta nauli wamerudi kubeba masinia au nafasi zao zimechukuliwa na wageni wengine kutoka bara. Faida imeanza tena kugawanyika kwa kila mtu, na huu ndio wakati wa kuamua hasara ya mara ijayo itagawanywaje. Wanaosema kutoa ni moyo, si utajiri, wamesema kweli kuhusu sadaka. Kuhusu deni la kisiwa hiki kwa watu wake wa usiku, moyo peke yake hautoshi: linahitaji kuandikwa, kutengewa mfuko na kulipwa, kama yanavyolipwa madeni mengine.